Sufuria moja ya viungo haiponyi kila tumbo

Swali: Nikishakula, hasa usiku, tumbo linajaa na gesi, na mara nyingine napata kichefuchefu. Mama mkwe hunichemshia tangawizi, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na bizari nyembamba, vyote pamoja, nami nanywa kikombe kizima kabla ya kulala. Siku nyingine natulia kabisa, siku nyingine kifua kinawaka moto mpaka alfajiri. Je, dawa hizi zina ushahidi wa kisayansi au ni mazoea tu? Pia anasema mtoto wangu wa miezi minne apewe maji ya shamari kwa ajili ya msokoto wa tumbo. Nimpe?

Jibu: Nianze na mtoto, kwa kuwa lake halisubiri: usimpe. Sababu zake nitazieleza nikifika huko. Sasa tuje kwenye kikombe chako.

Dada, viungo hivyo si porojo. Kadhaa vimepimwa kwa wagonjwa, na vichache vimetoa matokeo ya kuheshimika. Kosa liko kwenye sufuria. Mmetia humo dawa ya kichefuchefu, dawa ya gesi, viungo viwili vitatu ambavyo kazi yake kubwa ni harufu, na kimoja kinachochochea asidi, kisha unavinywa vyote kwa mkupuo na kwenda kujilaza. Siku ambayo shida ni kichefuchefu, unapata nafuu. Siku ambayo asidi ilikuwa tayari inanyemelea koo, kikombe kilekile kinaipandisha.

Kwa kawaida tunasema "tumbo linanisumbua" na kuishia hapo, ilhali humo ndani mna mambo yasiyofanana. Kujaa huja pale mfuko wa tumbo unapochelewa kumwaga chakula kwenye utumbo mwembamba. Gesi nyingi hutengenezwa chini zaidi, kwenye utumbo mpana, bakteria wanapochachua mabaki ya maharage, vitunguu na kabichi, au sukari ya maziwa kwa mtu asiyeweza kuimeng'enya. Kiungulia ni asidi inayopanda kwenye umio kwa sababu msuli wa duara unaofunga mlango kati ya umio na tumbo umelegea. Msokoto ni misuli ya utumbo kukaza kupita kiasi. Ukiangalia vizuri utaona mgongano: kitu kinacholegeza misuli kitamfaa mwenye msokoto na kitamtesa mwenye kiungulia.

Kabla ya kupima kiungo kimoja kimoja, kuna jambo la kuzingatia. Katika shida za kuvimbiwa na za utumbo unaosokota bila kidonda wala uvimbe, wagonjwa 30 hadi 40 kati ya 100 hupata nafuu hata wakipewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Ndiyo maana ushuhuda wa "mimi ilinisaidia" hautoshi, hata ukitolewa na watu mia. Kinachohesabika ni jaribio lenye makundi mawili, moja lipewe kiungo na jingine lipewe kidonge kitupu, bila wahusika kujua nani kapata nini.

Kwa kipimo hicho, tangawizi ndiyo inayoongoza. Ukali wake unatokana na jinjeroli, ambazo tangawizi ikikaushwa au kuchemshwa kwa muda mrefu hugeuka shogaoli, zenye ukali zaidi. Ndiyo sababu ya unga huwasha kuliko mbichi. Kemikali hizi huzuia baadhi ya vipokezi vya serotonini kwenye tumbo, njia ileile inayotumiwa na dawa kadhaa za hospitali za kuzuia kutapika. Kwa kichefuchefu cha ujauzito, majaribio mengi yametumia takriban gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, ikigawanywa mara tatu au nne, na kwa jumla imeshinda kidonge kitupu. Imepunguza hali ya kutaka kutapika zaidi kuliko kutapika kwenyewe. Kiasi hicho ni kama nusu kijiko cha chai cha unga, kwa hiyo hapa jikoni kunaweza kufikia kiwango cha maabara, jambo ambalo si la kawaida kwa dawa za asili.

Kuhusu tumbo kujaa, habari ni nzuri nusu. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan waliwapa watu 24 wenye afya gramu 1.2 za tangawizi kabla ya kunywa supu. Muda wa tumbo kumwaga nusu ya supu hiyo ulishuka kutoka dakika 26.7 hadi 13.1. Waliporudia mwaka 2011 kwa wagonjwa 11 wenye kuvimbiwa, tumbo lilimwaga haraka tena, dakika 12.3 badala ya 16.1, lakini wagonjwa hawakusema wanajisikia tofauti. Kwa hiyo tangawizi husukuma chakula, hilo halina ubishi. Ila kusukuma huko si lazima kukupe raha. Athari yake mbaya inayotajwa mara kwa mara katika majaribio ni hiyohiyo unayoilalamikia, kiungulia.

Kundi la pili ni mbegu: shamari, kisibiti na bizari nyembamba. Hizi ni jamaa wa karibu, na mafuta yake ya harufu hulegeza misuli laini ya utumbo ili gesi ipite badala ya kukwama na kubana. Ushahidi ulio thabiti ni wa mafuta ya kisibiti yakichanganywa na ya nanaa kali: miligramu 50 za kwanza na 90 za pili, ndani ya kidonge chenye ganda linalovumilia asidi ya tumbo na kupasukia kwenye utumbo mwembamba. Mchanganyiko huo umepunguza maumivu na kujaa kwa wagonjwa wa kuvimbiwa katika majaribio kadhaa yenye kundi la kulinganisha. Mafuta ya nanaa peke yake, ndani ya ganda la namna hiyo, yamependekezwa na madaktari bingwa wa tumbo wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2021 kwa wenye utumbo unaosokota. Lakini lile ganda ndilo siri yenyewe. Chai ya nanaa haina ganda. Mentoli yake huanzia kazi kwenye umio, hulegeza msuli wa mlango, na asidi hupata njia. Mtu mwenye kiungulia asishauriwe chai ya nanaa, hata kama pakiti imeandikwa "kwa mmeng'enyo".

Bizari nyembamba ina sifa kubwa kuliko ushahidi. Jaribio linalotajwa zaidi, la Iran mwaka 2013, lilihusisha wagonjwa 57 waliopewa matone ya bizari kwa wiki nne. Maumivu na gesi vilipungua, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ukikumbuka wale 30 hadi 40 kati ya 100 wa kidonge kitupu, utaona kwa nini tokeo kama hilo haliamui kitu.

Pilipili manga ndiyo ninayoishuku zaidi katika kikombe chako. Huchochea tumbo kutoa asidi, na ukali wake humkera mtu ambaye umio umeshachubuka. Haina jaribio la maana linaloonyesha kwamba hutuliza gesi. Ina tabia nyingine ambayo wengi hawaijui: piperini iliyomo huongeza kiasi cha baadhi ya dawa kinachoingia kwenye damu, kama vile fenitoini ya kifafa, propranololi ya moyo na theofilini ya pumu. Chembe chache kwenye mchuzi si tatizo. Vijiko kwenye dawa ya kila siku ni jambo jingine.

Ajabu ni kwamba pilipili kali, ile nyekundu, ina jaribio lake lenye kuvutia. Mwaka 2002 madaktari wa Italia waliwapa wagonjwa 30 wa kuvimbiwa gramu 2.5 za unga wa pilipili kwa siku au kidonge kitupu, kwa wiki tano. Kuanzia wiki ya tatu, dalili za waliokula pilipili zilipungua kwa takriban asilimia 60, za wenzao kwa chini ya 30. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huchosha neva za maumivu hadi zinaacha kulalamika. Lakini kabla ya kuchoka hupiga kelele, na wiki za mwanzo zinaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa mtu mwenye kiungulia simshauri hata kujaribu.

Iliki, karafuu na mdalasini nitazipitia haraka, maana kwa upande wa gesi hakuna mengi ya kusema. Iliki haina ubaya wala ushahidi mzito. Iache kwa ladha yake. Karafuu ina yujenoli, ambayo huua bakteria kwenye vyombo vya maabara, na watu huruka kutoka hapo hadi kudai inatibu vidonda vya tumbo. Punje mbili kwenye chai hazina neno, lakini mafuta yake yaliyokamuliwa ni hatari: watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 wameharibika ini vibaya. Yasikae mahali mtoto anapofika.

Mdalasini una aina mbili, na aina ndiyo yote. Ule wenye gome jembamba, lenye matabaka mengi yaliyojiviringa kama sigara na linalovunjika kwa vidole, una kumarini kidogo sana. Ule mnene na mgumu, wa tabaka moja lililojikunja pande mbili, una nyingi, na kumarini nyingi huliumiza ini. Kiwango kinachovumilika Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa mdalasini mnene kinaweza kupita hapo. Siku mojamoja haina shida. Kila usiku kwa miezi ndiko kosa lilipo. Na unga ukishasagwa huwezi kuujua kwa macho, hivyo nunua vijiti.

Hukuuliza kuhusu manjano, lakini utaambiwa uyaongeze, kwa hiyo nijibu mapema. Thailand wameyapima mara mbili vizuri. Katika jaribio la mwaka 1989 la watu 116, wagonjwa 87 kati ya 100 waliomeza gramu 2 za manjano kwa siku walipata nafuu ya kuvimbiwa, dhidi ya 53 kati ya 100 wa kidonge kitupu. Mwaka 2023 vidonge vya kurkumini, kemikali kuu ya manjano, vililinganishwa na miligramu 20 za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kwa wagonjwa 206, na makundi yakapona karibu sawa, ingawa safari hii hapakuwa na kidonge kitupu. Kwa hiyo manjano yanastahili heshima, kwa masharti. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo asiyatumie kama dawa, kwani huufanya mfuko ujikaze na jiwe linaweza kunasa. Vidonge vilivyokolezwa, hasa vilivyoongezwa piperini ili vinyonywe zaidi, vimewaumiza watu ini. Piperini hupandisha sana kiasi cha kurkumini kwenye damu, na kwa shida ya tumbo hatuihitaji huko, tunaihitaji tumboni. Na unga unaong'aa mno uogope. Kuna wafanyabiashara waliokamatika wakitia kromati ya risasi, rangi yenye sumu, ili unga uvutie.

Sasa utayarishaji, maana hapa ndipo dawa nzuri nyingi hufia. Usichemshe vyote pamoja. Tangawizi inahitaji moto, mbegu hazitaki kuchemka.

Siku ya kichefuchefu au ya tumbo kujaa, chukua gramu 5 hadi 10 za tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa pingili ya kwanza ya kidole gumba. Kwa kuwa sehemu kubwa ya tangawizi mbichi ni maji, gramu 10 ni sawa na kavu gramu 2 hivi. Osha, kwangua ngozi, kata vipande vyembamba sana. Tia kwenye mililita 250 za maji yanayochemka, funika, acha kwenye moto mdogo dakika 10, chuja. Kunywa nusu kikombe dakika 20 hadi 30 kabla ya chakula, si baada yake, kwa sababu kazi yake ni kuliandaa tumbo kusukuma. Nusu iliyobaki iweke kwa mlo unaofuata. Ukiona inawasha, punguza muda wa kuchemsha hadi dakika 5 kabla hujapunguza kiasi. Usizidishe gramu 20 za mbichi kwa siku.

Siku ya gesi isiyo na kiungulia, tumia shamari. Pima kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 2, uziponde kwenye kinu wakati huohuo wa kutumia. Mbegu nzima hutoa kidogo mno, kwani mafuta yamefungiwa kwenye vifereji ndani ya ganda. Zilizosagwa miezi iliyopita zimeshayapoteza hewani. Mimina mililita 250 za maji yaliyochemka kwelikweli, funika kwa kisosi, subiri dakika 10 hadi 15. Matone yaliyoganda chini ya kisosi yarudishe kikombeni, humo ndimo harufu ilimokimbilia. Kunywa vuguvugu baada ya kula, hadi vikombe vitatu kwa siku, na usipitishe wiki mbili mfululizo.

Maji yawe yamechemka kwa sababu nyingine pia. Viungo hukaushwa nje na kupita mikono mingi. Marekani ilipopima mizigo ya viungo iliyoingia nchini kati ya 2007 na 2009, karibu asilimia 7 ilikuwa na bakteria wa salmonela. Kunyunyiza unga mbichi kwenye maji vuguvugu au maziwa na kumpa mtu anayeumwa tumbo ni kumwongezea maradhi. Sukari nyingi na asali pia ni chakula cha bakteria wa utumbo mpana, na maziwa yatakurudisha kwenye gesi ikiwa huyamudu. Kunywa bila kuongeza chochote kati ya hivyo.

Kuhusu moto wa usiku, sehemu kubwa ya tiba haiko kwenye kiungo. Kikombe kizima cha kimiminika kabla ya kulala hupanua tumbo, nawe ukijilaza unaondoa uzito uliokuwa unaishikilia asidi chini. Acha saa tatu kati ya chakula cha mwisho na kitanda. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito haisaidii, kwani hukunja tumbo na kulikamua. Lala ubavu wa kushoto. Ondoa pilipili manga na karafuu, hamishia tangawizi kabla ya mlo wa mchana, na usiku usinywe dawa yoyote ya viungo kwa wiki moja. Kifua kikitulia, utakuwa umempata mkosaji. Ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, usianze tangawizi wala manjano kwa viwango hivi bila kumwambia anayekupimia damu.

Turudi kwa mtoto. Mama mkwe hakubuni. Mwaka 2003 kuna jaribio lililochapishwa la mafuta ya mbegu za shamari kwa watoto wenye msokoto: ulikoma kwa asilimia 65 ya waliopewa, dhidi ya karibu 24 ya wengine. Lakini ile ilikuwa dawa iliyopimwa kwa miligramu, haikuwa maji ya sufuria. Maji ya nyumbani hujaza tumbo dogo na kuchukua nafasi ya maziwa, na Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Shamari ina pia estragoli, kemikali iliyozua wasiwasi wa saratani kwa wanyama wa maabara, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Ulaya haishauri chai yake kwa walio chini ya miaka minne. Hatari kubwa kuliko zote ni ya anisi nyota (star anise), kiungo chenye umbo la nyota na harufu inayokaribiana na ya shamari: kuna aina ya Kijapani yenye sumu inayofanana nayo kabisa, na watoto wachanga wamepata degedege kwa chai iliyochanganyika nayo, hadi Marekani ikatoa onyo mwaka 2003. Asali nayo isiguse mdomo wake kabla ya mwaka mmoja.

Kuna jambo zaidi. Msokoto wa watoto wachanga kwa kawaida huisha wenyewe kati ya miezi mitatu na minne. Wa kwako amefika miezi minne. Kama bado analia kwa saa nyingi, au ndiyo kwanza ameanza, mpeleke akaonwe. Aende haraka sana akitapika kijani, akiwa na damu chooni, homa, au tumbo gumu.

Kwako pia zipo dalili ambazo hazingojei tangawizi: kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, macho kuwa ya njano, maumivu yanayohamia chini kulia, au kifua kubana na maumivu kwenda mkononi au tayani. Na mtu akiharisha, kinachomwua ni kukosa maji na chumvi. Mpe maji ya kuongeza mwilini ya pakiti. Ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita 1 ya maji safi. Tangawizi haijazi pengo hilo.

Usipoona tofauti baada ya wiki mbili, omba kipimo cha Helicobacter pylori. Ni bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabara mwaka 1982 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Yeye pamoja na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, si viungo, na hakuna kiungo kilichothibitika kumng'oa. Omba kipimo cha choo au cha pumzi, kwa sababu cha damu kinaweza kuonyesha maambukizo yaliyokwisha zamani. Ikiwa unameza omeprazoli, muulize daktari kuhusu kuiacha wiki mbili kabla ya kupimwa, na ziwe zimepita wiki nne tangu dozi ya mwisho ya antibayotiki, la sivyo bakteria anaweza kujificha na ukaambiwa hayupo.